Ubatizo wa Nyanya Mmethodisti

Itangazwe kwa walio hai na kwa wafu: leo nyanya yake Gakii, Mmethodisti wa Meru aliyezikwa na kitabu chake cha nyimbo, anabatizwa upya hekaluni, Gakii mwenyewe akiingia majini kwa niaba yake, kama kanisa jipya la mjukuu huyu linavyowafanyia wafu. Mmisionari mzee aliyewaleta waumini wapya kutoka Croydon, huku ughaibuni, ambaye wote humwita Sista tu, hana habari na ukuu wa tukio. Njia nzima aligawa peremende zilizonatana mkobani, akiendesha kana kwamba garini mna mayai. Sasa anamnyoosha Gakii kola ya ovaroli nyeupe ya ubatizo, anaikunja, anainyoosha tena, na vidole vyake vinanuka dawa ya kuchua. Hivyo hivyo nyanya alimnyoosha kola kila Jumapili, akimgombeza asichafue soksi. Gakii akamgeukia Sista.

“Sista, nyanya alikuwa mkali. Na akikataa? Akinikasirikia huko aliko?”

Sista akalamba kidole, akamfuta peremende shavuni. Kiswahili alichookota Nakuru enzi za ujana wake hakina mapambo.

“Akikataa, amekataa. Wewe ingia, maji yanapoa.”