Ringi za Ishirini na Saba

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya wilaya, pale Mbulu mjini, sikupewa baiskeli. Fundi Mkuu alinipa ringi tupu, spoku thelathini na sita na kigoda. "Suka," akasema. Kusuka ni kupitisha spoku, zile nyaya za gurudumu, kutoka habu ya katikati hadi kwenye ringi, zikipishana kama ukindu. Nilipomaliza akaizungusha. Ikayumba kama mlevi.

"Fumua."

Nilifumua mara nne.

Enzi hizo bwana shamba, mganga na bwana mifugo walifika kwa watu kwa baiskeli, nasi mafundi ndio tuliowafikisha. Nilipelekwa Endagikot, nikapambana na matope. Kisha Yaeda Chini, nikapambana na miiba.

Huko Yaeda, mkubwa wangu alikuwa Bwana Mifugo wa Tarafa. Wenzake waliendesha baiskeli nzito za serikali. Yeye alikuwa na yake ya mbio, aliyoachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao: usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba kama kidole gumba. Ilipopita, ulisikia upepo tu.

Tairi zake zilipokwisha, dukani kulikuwa na za inchi ishirini na nane pekee. Zake zilikuwa ishirini na saba. Kwa macho huoni tofauti, ila ile mpya iliingia kwa vidole vitupu, imelegea, na hapo fundi anapaswa kuogopa. Mimi sikuogopa. Nilikata ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, nikauzungusha kwenye ringi ungali na maji, nikavisha tairi juu yake. Ulipokauka, ulikaza kama ngoma. Wafugaji wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Nilisahau kwamba kule juu Mbulu kuna ukungu. Bwana Mifugo alipanda kwenda kwenye mkutano, mvua ikamkuta njiani, ngozi ikalainika, tairi ikachomoka kwenye mteremko. Alirudi mkono umefungwa shingoni. Nilisubiri barua ya onyo.

"Fundi," akasema, "ngozi yako inaogopa mvua kuliko mbuzi." Kisha akashusha sauti. "Nitafutie magurudumu yake. Ya kweli."

"Nitakutafutia, mzee."

Nilistaafu sijayapata. Ringi zile zilishaliwa na kutu chini ya ule ukanda wa ngozi, na baiskeli ikatundikwa ukutani kwake, Hirbadaw.

Ninyi vijana mna simu. Nami nilijifunza kutuma picha. Mwaka huu fundi mmoja wa Arusha akanijibu kwamba tairi za ishirini na saba anazo, zimening'inia dukani miaka mingi hakuna anayeziulizia. Zikaja na basi. Zikabaki ringi. Nikaziona mnadani Katesh, kwenye kitoroli cha mama mmoja wa Kibarbaig, zimebeba madumu mawili ya maji.

"Shikamoo, baba. Wenzako wanatazama ng'ombe, wewe unatazama magurudumu yangu?"

"Marahaba, mama. Nipe hayo, nikusukie mengine."

"Na maji niyabebe mdomoni?"

"Nitasuka hapa hapa, umekaa. Mazito zaidi."

Alikaa. Nilinunua ringi nzito pale pale mnadani, nikasuka hadi kivuli cha mlima kikatufikia.

Nyumbani nilizisuka zile ringi upya kwenye habu mpya, nikazivisha tairi. Safari hii ziliingia kwa shida, vidole vikaniuma, nikafurahi.

"Shikamoo, bosi," nilisema pale Hirbadaw.

"Marahaba, fundi." Akapitisha kidole kwenye tairi. "Umechelewa. Goti halikunjiki tena."

Nikaishusha baiskeli ukutani. Nikaigeuza miguu juu, kama tunavyofanya tukiwa kazini, nikayafunga magurudumu. Akasogeza kiti, akashika pedali kwa mkono, akaanza kuzungusha. Gurudumu halikuyumba hata unywele.

"Endagikot," akasema, akifumba macho. Baadaye kidogo, "Sasa tunashuka Yaeda."

Chakula kikapoa. Watu huniuliza kustaafu kukoje. Ni kujua kazi vizuri kuliko wakati wowote, na wale uliopaswa kuwafanyia wanazeeka.

Nilipoaga, nilitaka kuisimamisha baiskeli ukutani.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Bado sijafika."