Kitabu Kisichovuka Geti la Shule

Mimi ni mtu wa kupenda kushinda mabishano. Niliingia na tabia hiyo kwenye ualimu na nitastaafu nayo. Kwa hiyo siku kamati ya shule ilipoketi kuamua kama pesa za vitabu vya Gredi ya Nne zinunue vya karatasi au vya tableti, mimi nilikuja nimejifunga kibwebwe.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye suti iliyombana mabega. Aliiangusha tableti sakafuni makusudi, akaiokota, ikawaka, na mwalimu mkuu akapiga makofi kama aliyeona kiini macho. Kijana akaeleza kwamba shule hainunui kitabu chenyewe. Inanunua ruhusa ya kukisoma, na ruhusa hiyo hulipiwa upya kila mwaka. Mjumbe mmoja wa kamati, fundi wa mabati hapo Uthiru, alinung'unika kwamba tangu azaliwe hajasikia mtu akinunua ruhusa. Nilimjibu kabla muuzaji hajafungua mdomo. Nikasema vitabu vya karatasi vinararuka, vinaliwa na panya wa stoo, na kila muhula ukiisha tunagombana na wazazi kuhusu nani kapoteza nini. Fundi akanyamaza. Nilifurahi sana kumnyamazisha.

Likabaki swali la wizi. Shule yetu imeandika jina lake kwa rangi nyekundu hadi kwenye ndoo za kupigia deki, kwa hiyo hofu hiyo ilikuwa ya kila mtu mezani. Ni mimi niliyetoa dawa. Nikauliza, je, haiwezekani vitabu hivi vifunguke ndani ya shule tu, kwa mtandao wetu wenyewe, ili mwizi akiondoka na tableti abaki na kioo cha kujitazamia? Kijana akasema inawezekana kabisa. Nilipigiwa makofi. Vitabu vya zamani tukavipakia kwenye gari, vikapelekwa shule nyingine iliyokuwa na uhaba, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwema na mjanja kwa wakati mmoja.

Nisiwe mnafiki, tableti zilifanya kazi. Watoto waliokuwa wanagombania kitabu kimoja watu watatu sasa kila mmoja alikuwa na chake. Ukivaa visikizi vya masikioni vilivyokuja nazo, sauti inakusomea huku maneno yanapita mbele ya macho yako. Tatizo lilikuwa vidole. Watoto wangu walizoea kusoma kwa sauti, kidole kikitambaa chini ya kila neno, na kidole kikigusa kioo ukurasa unaruka. Darasa zima lilikuwa vurugu. Nikawa napita katikati ya madawati nikisema, "Vidole chini! Soma kwa macho!" Baada ya muda wakazoea. Darasa likawa kimya, nami nikawa natembeza wageni mlangoni waone.

Aliyebadilika kuliko wote alikuwa msichana wa dawati la mbele, ambaye nywele zake daima zilisukwa vizuri kuliko za mwalimu wake. Mwanzo wa mwaka alisoma akijikwaa kila mstari. Sasa alikuwa anamaliza kabla ya wenzake na kunitazama, akingoja nimpe kingine.

Mama yake ndiye aliyenikera. Sisi walimu tulifungua kikundi cha wazazi kwenye simu, na kwa kuwa vitabu haviendi tena nyumbani, mimi niliandika humo kila jioni watoto wamesoma nini ili wazazi wawaulize. Wengine walijibu. Yeye hakujibu hata mara moja. Mara chache alipohitaji kitu alinitumia sauti: mwalimu, mtoto ana homa, mwalimu, nitachelewa. Niliona ni uvivu. Jioni moja nimerudi nimechoka, mguu unaniuma, nikaandika kwenye kikundi kwamba kuna wazazi wanaona ujumbe wa mwalimu na kunyamaza, na kwamba mzazi wa namna hiyo asije kulia matokeo yakitoka. Sikumtaja. Lakini nilikuwa nikimfikiria yeye, na nilipobonyeza kutuma nilijisikia vizuri.

Mama huyo ni msusi katika soko la Kenyatta Market. Shule zilipokaribia kufunguliwa nilienda kwake kusukwa, maana kwa kusuka simlinganishi na mtu. Kibanda chake kiko upande ambao moshi wa nyama choma unakufikia na kukutia njaa kabla ya mstari wa kwanza kuisha. Nikiwa kitini, kichwa mikononi mwake, nikaanza kumtania.

"Mama, mbona kwa kikundi unatuogopa? Hata salamu hujibu."

Mikono ikasimama. Akaangalia msusi mwenzake, ambaye alikuwa anamwoshea mteja nywele nje, akainama karibu na sikio langu.

"Mwalimu, hiyo kitu uliandika, ya wazazi wa kunyamaza. Nilisomewa na jirani. Mimi sijui kusoma."

Nilitaka kugeuka, akanirudisha kichwa taratibu kama anavyofanya kwa mteja yeyote. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kuongea na kisogo changu. Akaniambia alitoka shule darasa la pili huko magharibi, kwao, akalee wadogo zake. Simu yake anasomewa na watu. Ujumbe wa mteja, wa mwenye nyumba, hata wa dada yake akimweleza mambo ya ndani ya familia. "Kila mtu kwa ploti tunapopanga anajua siri zangu," alisema. "Ndio maana huwa naambia watu watume sauti. Nasema mikono iko na mafuta."

"Na mtoto?"

"Mtoto hajui. Anajua nilifika darasa la saba."

Kisha akanieleza jambo ambalo bado sijalisahau. Mwaka uliotangulia, mtoto alipokuwa analeta kitabu nyumbani kwa zamu, kila jioni kilipokuwepo mama alimwambia, "Soma nisikie kama unajua." Mtoto anasoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya neno. Mama ameketi kando anachambua mboga za sukuma, na macho yake yanafuata kidole. Anasikia neno, analiona. Hivyo ndivyo alivyokuwa anajifunza. Alishafika mahali pa kutambua maneno mengine mwenyewe, kwenye mabango ya barabarani, kwenye pakiti za unga. Alimgundua mwenye duka anayemuuzia mafuta ya nywele yaliyopitwa na wakati.

"Nilikuwa nimeshika kiasi, mwalimu. Halafu mkaleta tableti. Sasa namwambia asome nisikie, ananiambia kitabu imebaki shule." Akacheka kidogo. "Sikulaumu. Mtoto amejua sana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na nywele zangu nusu. Mimi ndiye niliyemfungia mlango, na nikapigiwa makofi, kisha nikamtukana mbele ya wazazi wenzake kwa maneno ambayo ilibidi asomewe na jirani. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Wacha tu, mwalimu, hukujua," na akaendelea kusuka. Hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenisema.

Nilimwambia nitamnunulia kitabu. Alikataa. "Nikienda nyumbani na kitabu, ataniuliza mimi nataka kitabu ya Gredi Nne ya nini. Ilikuwa sawa kwa sababu ilikuwa inatoka shule."

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamwomba ruhusa mtoto mmoja aende na tableti nyumbani siku za wikendi, nikitumaini labda hiyo moja ingeweza kufunguliwa. Siri haikuwa yangu, kwa hiyo sikumpa sababu ya maana. Alinitazama juu ya miwani. "Mwalimu, si ni wewe ulisema zisifunguke nje? Akienda nayo atasoma nini, kioo?"

Kwa hiyo nikaenda mjini. Duka la tatu, chini ya ngazi za jengo moja karibu na Moi Avenue, walikuwa na kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya Nne, cha karatasi. Nikakinunua, nikakifunika kwa karatasi ya khaki kama tunavyofunika vitabu vya shule, nikakisugua kidogo pembeni kisionekane kipya. Nilimwita msichana wakati wa mapumziko, nikamdanganya bila haya.

"Hiki ni cha shule. Utakuwa unakwenda nacho nyumbani, umsomee mama kwa sauti."

Alikigeuza mkononi kama kitu cha babu yake. "Mwalimu, si tuko na tableti?"

"Fanya ninavyokuambia."

Siku zile nilitembea mwepesi. Nilijiambia mambo yamerudi yalivyokuwa, na kwamba mtu akikosea na kurekebisha, hesabu yake imefungwa. Sikumpigia mama yake. Nilitaka afurahie bila mimi kusimama hapo kama ninayedai shukrani.

Ndiye aliyenipigia, nikiwa chumba cha walimu na kikombe cha chai. Kelele za soko zilisikika nyuma yake.

"Mwalimu, kitabu nimeona. Asante sana, Mungu akubariki. Lakini mwalimu, mtoto amenikimbia."

"Amekukimbia vipi?"

"Namwambia soma nisikie, anaangalia tu ukurasa, ananiambia nimemaliza. Namwambia kwa sauti, anasoma mbio, neno hata sijaona iko wapi, ashafungua ingine. Hata haweki kidole. Nikimwambia weka, anasema hiyo ni ya watoto wadogo, mwalimu alitukataza."

Niliweka kikombe chini. Nilifikiri analia, na nikaanza kutafuta maneno, lakini sauti iliyofuata ilikuwa ya mtu anayetabasamu kwa uso wote.

"Anasoma kama nyinyi walimu! Jana amesomea jirani gazeti yote, watu wakasimama kwa mlango. Sikuwahi fikiria mtoto wangu atasoma hivyo. Ni wewe, mwalimu."

Wenzangu mezani walikuwa wanagombania sukari. Nikamwambia hongera, mama. Ndiyo maneno tunayomwambia mzazi ambaye mtoto wake amefanya vizuri.