Maji ya borehole ya Kitengela na samaki wa bahari: nilivyosaidia kuua

Wakuu, salamu popote mlipo. Hii sikusimuliwa. Mikono yangu ilikuwa ndani, na sitapunguza kitu ili nionekane mzuri.

Nina hasira, na imechelewa miaka mingi.

Mimi ni fundi wa vioo. Miaka ya 2000, Kitengela, huku pembeni ya Nairobi, ikianza kujaa nyumba, mdosi mmoja, tajiri wa hapa, aliniita nimtengenezee aquarium, tangi la kioo la samaki, sebuleni. Kubwa kama jeneza la mtu mzima. Haikuvuja hata tone.

Akaagiza samaki kutoka Mombasa, wakaja kwa basi ndani ya mifuko ya plastiki. Wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na wawili wa buluu. Na matumbawe pia, ambayo mimi nilidhani ni mawe tu ya urembo.

Kisha akaniuliza atumie maji gani. Mimi, fundi wa vioo.

Wanaoishi huku wanajua borehole zetu, visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine. Sabuni haitoi povu, na chai ina chumvi hata uweke sukari namna gani. Nikamjibu kwa confidence yote: "Boss, maji yetu iko na chumvi tayari. Hao watajiskia nyumbani."

Akacheka, nami nikacheka. Tukajaza.

Kesho yake walikuwa wamelala ubavu, midomo ikifunguka na kufungika. Samaki hana sauti ya kulia. Nadhani ndiyo maana tunamfanyia hivi.

Mdosi akaagiza wengine. Wakafa. Akaagiza tena. Kila mara niliitwa kusafisha kioo, na kila mara nilichukua pesa yangu nikaenda.

Batch ya tatu ya samaki ilipokufa, nilikuwa nje na ndoo ya mizoga. Mzee Lemayian, jirani mfugaji, alikuwa akipitisha ng'ombe wake. Akachungulia ndoo, akauliza. Nikamweleza.

"Hii ng'ombe yangu iko na kiu na bado inakataa hiyo maji ya borehole," akasema. "Fundi, si hata magadi iko na chumvi? Wewe huwekelea magadi kwa mayai?"

Mtu ambaye hajawahi kuona bahari alielewa kwa dakika moja kwamba si kila chumvi ni ya bahari.

Nikaingia ndani kumwambia mdosi kwamba maji ndiyo yanaua. Hakushtuka.

"Najua. Mwenye kuniuzia aliniambia tangu wale wa kwanza walipokufa. Lakini kutengeneza maji yao ni kazi mingi. Kuagiza wengine ni simu moja tu."

Wakuu, alikuwa anajua.

Matumbawe nayo yalikuwa yamegeuka meupe kabisa, na mkewe akasema hivyo yamependeza zaidi. Miaka baadaye ndipo nilisoma kwamba matumbawe ni wanyama, na yale yetu yalikuwa yameshakufa. Tulikuwa tunasifu maiti.

Mtauliza kama niliacha kazi. Sikuacha. Batch ya nne nilisafisha pia, na hapo ndipo hasira yangu inanirudia mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki: kama huwezi kumpa kiumbe maji yake, mwache alipo. Sebule yako haina haja naye kiasi hicho.

Sasa nyinyi wa Nkoroi, Ngong na kwingine mnaopost aquarium za maji ya bahari, karibuni kwa comments, hata mkinitukana sawa. Lakini picha nimeziona za kutosha. Mtuambie tu hao mliowapiga picha ni batch ya ngapi.