Aliyekula Punje Zote Mbili

Sikulazimishi uamini. Mimi ni mnunuzi wa maharage. Hata gunia lililokwisha kushonwa mdomo nalihesabu mara mbili. Kwa hiyo ninaposema jambo limetokea, ujue nimeshalikagua. Hili lilitokea Bugene, Jumapili alasiri, jua linawaka, ndani ya banda la video.

Deo ni rafiki yangu wa Isingiro, kule Kyerwa. Ndiye angesimamia ndoa yangu. Sizoni nzima ya ile tamthilia ya malkia mwenye tai wa moto tuliitazama pamoja, kila Jumapili, yeye akija kwa bodaboda. Na unajua desturi yetu: tunda moja la kahawa ya kutafuna lina punje mbili. Mnalipasua, moja yangu, moja yako, na mkishatafuna hivyo hamfanyiani hila. Basi tulitafuna, tukaapa kwamba sehemu ya mwisho hakuna atakayeitazama bila mwenzake. Unacheka? Watu wameapa kwa mambo ya kijinga zaidi, na wakaoa.

Jumapili hiyo simu ya Deo haikupatikana. Haikunishtua, kwao mtandao unaupata ukisimama juu ya kichuguu. Nikamwekea nafasi kwenye benchi kwa kofia yangu. DJ anayetafsiri alipoanza kukohoa kwenye maiki, Deo akaingia, akaketi juu ya kofia.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Nimefika," akasema. Basi, hilo tu.

Nikampa tunda la kahawa alipasue. Akalitia lote mdomoni. Nikatazama kiganja chake, nikatazama tena: kitupu. Mimi ninayegombana na mzani kwa robo kilo, hilo nikaliacha lipite. Kwa nini? Kwa sababu malkia alikuwa anashuka kutoka mgongoni mwa tai.

Na niamini, walichotufanyia siku ile ni wizi. Sehemu tisa tumempenda ndugu wa kiapo wa malkia, yule anayelala mlangoni pake na upanga. Kumbe tangu sehemu ya tatu hakuwa yeye. Lilikuwa jini limevaa sura yake, mwenyewe kafungwa kisimani. Sasa ametoroka, anagonga lango. Mmoja yuko nje, mmoja yuko ndani, na malkia ana mshale mmoja. "Malkia anajiuliza, nimpige yupi?" akasema DJ, skrini ikawa nyeusi. Sizoni imekwisha. Banda zima likazomea. Mzee mmoja akadai arudishiwe machozi yake ya sehemu ya tano.

Nikageuka nimlalamikie Deo. Kwenye benchi ilikuwepo kofia yangu tu, haijabonyea hata kidogo.

Deo alikuwa amesimama mlangoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Hongera," akasema. "Mwisho umekuwaje?"

"Deo, si tumekaa wote?"

"Waitu, ndugu yangu, usinifanye mtoto. Asubuhi umekuja mpaka shambani kwangu, ukaniambia jenereta imekufa, onyesho limesogezwa wiki ijayo. Nisingekutana na dereva wa bodaboda aliyetoka huku, mpaka sasa ningekuwa napalilia."

Asubuhi hiyo nilikuwa kanisani, nimekaa benchi moja na mama wa mchumba wangu. Nikamwambia akamuulize.

"Atakuficha. Utakuwa mkwe wake."

Nikabaki na swali moja. "Nilipokuja kwako, ulinipa kahawa?"

"Nilikupa tupasue. Ukala zote mbili, kama mtu asiye na kwao. Nikasema labda ana njaa."

Nikamweleza kilichokaa kando yangu, na kiganja kile kitupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa vumbi usoni.

"Hiyo ni hadithi ya kwenye skrini," akasema. "Wanaotoka wanapita hapa wakiisimulia hiyo hiyo. Angalau ungetunga yako."

Ndoa yangu ilisimamiwa na binamu yangu. Deo alituma mkungu wa ndizi, mzuri sana, hakuja. Tukikutana mnadani ananipa mkono, anauliza habari za maharage. Kahawa hatoi. Sizoni ya pili imetoka. Sijaitazama, na sitaki kuambiwa mshale ulimpata nani.

Lile jini silidai kitu, halikuniapia lolote. Kinachoniuma ni Deo: aliona sura yangu mara moja, akaridhika kwamba ni mimi niliyemdanganya. Na mimi je? Niliona kiganja kitupu, nikarudisha macho kwa malkia.

Wewe unayesoma, akija mtu kwako, hata awe mliyenyonya naye ziwa moja, mpe tunda la kahawa kabla ya kumpa kiti. Mwache apasue. Uso usiuangalie, angalia kiganja. Na kama mbele yenu kuna skrini, izime kwanza.