Mgonjwa Aliyeitwa kwa Jina la Mwingine

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, wala sikuwa na homa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, London, nikifanya usafi katika wodi ya wagonjwa mahututi.

Nilikuwa nimetoka kupiga deki ukumbini nikamwona mwanamume amesimama peku katikati ya maji yangu, amevaa gauni la wagonjwa. Nywele zake zilikuwa na mabaka meupe ya gundi. Nikamfokea kwa Kiingereza changu kibovu. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, Kongo.

"Mama, banaita mutu mwengine. Njo maana siitike."

Akaingia wodini. Nikamfuata nimekasirika, na niamini, hasira ziliniishia mlangoni. Mtu yuleyule alikuwa kitandani, mpira wa kupumulia mdomoni, nyaya zimebandikwa kichwani kwa gundi ileile. Moyo wake ulikuwa umesimama siku nne nyuma. Madaktari waliurudisha, lakini mwenyewe hakuamka.

Fundi wa mashine inayochora mawimbi ya ubongo, mama wa Kihindi mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akipiga makofi na kuita, "Emmanuel! Emmanuel!" Kalamu za mashine ziliendelea kuchora mistari ileile kwenye karatasi.

"Haitiki hata kidogo, dada," akaniambia. "Kesho daktari atakaa na bibi yake, waamue kama watazima mashine."

Mke alikuwa kwenye kiti pembeni. Nikamnong'oneza, "Mama, bwana yako anasema banamwita jina ya mutu mwengine."

Unajua alifanya nini? Alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Alidhani nimetumwa na watu wa uhamiaji! Baadaye alinieleza kwamba mumewe aliingia nchini kwa karatasi za binamu yake marehemu, na kwa miaka sita hata nyumbani walimwita kwa jina la marehemu, watoto wasije wakaropoka shuleni. Sasa alitaje la kweli mbele ya fundi, wafukuzwe wote? Au anyamaze, mashine izimwe? Niliogopa pamoja naye, tena kwa sababu zangu mwenyewe.

Mke akainama sikioni mwa mumewe, akaita. Jina lenyewe sikwambii. Kalamu zote ziliruka.

"Ita tena!" fundi akapiga kelele.

Akaita, zikaruka tena. Fundi akalitazama jina lililo kwenye faili, akamtazama mama yule, kisha akaandika kwamba mgonjwa ameitikia sauti ya mkewe. Jina hakuliandika. Mungu ambariki.

Mgonjwa aliamka baada ya wiki. Nilipokutana naye kwenye kiti cha magurudumu, hakunikumbuka hata chembe. Ila aliitazama beji kifuani pangu kwa muda mrefu.

"Na hii, mama, ni ya nani?"

Nikaifunika beji kwa kiganja. Lilikuwa jina la dada yangu, aliyebaki kule vitani, kaburini.

Tangu siku hiyo, moyo ukinienda mbio kidogo tu napata woga, nisije nikalala hivyo na kuitwa jina la dada. Kila Jumapili namkalisha binti yangu, namwambia anitajie jina langu la kuzaliwa. "Mum, not again," ananijibu, lakini analitaja. Na wewe unayeishi kwa jina la karatasi, leo hii mwambie mtu mmoja lile lako. Mimi nimemwona mtu akizunguka ukumbini peku, anatafuta wa kumwita.