Jina Lililobaki Mlimani

Nilipokuwa mtoto, mimi huyu mnayeniona nakokota miguu, nilikuwa na mbio kuliko gari la Mzungu wa kahawa. Kijijini kwetu, Akheri nzima, wanajua. Nilikuwa natumwa chumvi Kikatiti, narudi kabla Mama hajamaliza kunituma. Shule nilisoma madarasa mawili na nusu, na ile nusu si kosa langu, mwalimu alichoka. Kuandika kulinishinda. Lakini mdomo! Kwa mdomo hakuna aliyenifikia, kuanzia Meru mpaka Moshi.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Baba yangu aliitwa Elia, ila watu walimfupisha wakamwita Eli. Aligombana na Babu, baba yake mzazi, kwa ajili ya shamba la migomba. Walitukanana mbele za watu, Baba akabeba msumeno wake akaenda zake ng'ambo ya mlima, upande wa Ngare Nanyuki, akawa anapasua mbao za mitarakwa. Miezi saba hakurudi. Huku nyuma Mama akajifungua mtoto wa kiume. Na kwetu jina la mtoto linatoka kwa baba yake. Asipolitoa, basi amemkana.

Babu akatangaza mbele ya ndugu wote: "Jumapili mtoto anabatizwa. Jina kutoka kwa Eli likiwa halijafika, nampa la kwangu. Na huyo Eli akae hukohuko na mbao zake."

Ndugu wakaanza kutafuta wa kumtuma. Mjomba alikuwa na mguu unaomuuma. Jirani alikuwa na kahawa ya kuchuma. Kila mtu mzima alikuwa na kitu. Mama alikaa pembeni na kichanga chake, machozi tu. Ndipo nikasema, "Nitakwenda mimi. Nitarudi uji haujapoa." Nilisema tu, kama kawaida yangu, kuchangamsha watu. Wote wakageuka kuniangalia. Siku hizo watoto tulitumwa kama barua.

Ijumaa alfajiri Bibi alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani, kisha akanishika sikio. Bibi yangu alikuwa Mlutheri wa kweli, kwaya nzima ilimfuata yeye, lakini na mlima alikuwa na heshima zake za tangu zamani.

"Msituni usikimbie. Ule mlima ni nyumba ya watu, huwezi kuingia mbio kama mwizi. Ukikimbia, unakuzungusha."

"Ndiyo, Bibi."

"Na jina ukishapewa, usilitamke mpaka utoke msituni. Mlima ukilisikia utalijibu, kabla mtoto mwenyewe hajaitika. Likishajibiwa, limechukuliwa."

"Na nikilisahau?"

"Kusahau siogopi. Naogopa huo mdomo."

Basi nikaingia msituni. Nikakimbia. Mlitegemea nini? Nilikimbia mpaka ndege wakawa wanabaki nyuma. Nikapita gogo moja kubwa lililoanguka, limeota uyoga mweupe kama masikio ya mtu. Nikaendelea na mbio, nikalikuta tena lile gogo. Nikabadili njia, nikaenda kasi ya kuchana upepo, nikafika, wapi? Kwenye gogo. Mara ya tatu nikakaa juu yake nikahema, na naapa yale masikio yalikuwa yananisikiliza.

Hapo ndipo nilipoanza kutembea. Nilikuwa sijawahi kutembea maishani mwangu, nawaambia ukweli. Nikaona msitu kumbe una vitu. Miti ina ndevu za kijani ndefu kuliko za Babu, zinadondosha maji polepole. Mbega wamekaa matawini, weusi kwa weupe kama wachungaji wa Kilutheri, wananitazama kama waliotaka kuniuliza katekisimu. Nikanywa maji ya kijito yaliyokuwa baridi mpaka meno yakaanza kuitana majina. Kumbe kulikuwa na njia wazi kabisa pembeni ya lile gogo, nimeiruka mara tatu kwa haraka zangu.

Nikatokea kwenye uwanda wa nyasi. Ukungu ukafunguka mara moja, kama mtu aliyevuta shuka. Kushoto kwangu Meru umesimama, ukuta mtupu wa mawe, unaingia mbinguni. Na kule mbali Kilimanjaro anachungulia juu ya mawingu kama jirani anayechungulia juu ya ua. Nilisimama pale nikala ndizi zangu taratibu, nikasahau kabisa kwamba nina haraka. Kule chini maziwa ya Momela yalikuwa mekundu kwa wale ndege, heroe. Nilianza kuwahesabu, nilipofika milioni nikaacha.

Jioni nikamkuta Baba amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Uso ukambadilika. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Amezaliwa."

Alikaa chini palepale kwenye unga wa mbao. Nikamweleza yote, pamoja na maneno ya Babu, na mengine kidogo ya kwangu ya kunogesha. Asubuhi akanisindikiza mpaka kwenye ule uwanda wa nyasi, akainama, akaninong'oneza jina sikioni. Lilikuwa jina zuri. Hilo nalikumbuka.

"Jumapili nitajua kama wamelitumia," akasema. "Wakilitumia, najua bado nina mlango kule."

"Si twende wote, Baba?"

"Sijaitwa. Siendi kwa mtu nisipoitwa."

Ukaidi wa ukoo wetu ungeweza kuvuta treni. Nikamwacha pale, nikaingia msituni peke yangu na jina langu kifuani. Ili nisiseme, niliweka kokoto mdomoni. Fikirieni, mimi, na kokoto mdomoni, kutwa nzima! Lakini nilikwenda vizuri. Nilitembea kama bibi harusi. Nilisikiliza maji, nilisikiliza nyuki, nikaanza hata kuupenda ukimya, kitu ambacho sijakirudia tena.

Halafu njia ikazibwa na tembo.

Mkubwa kuliko kanisa letu. Sawa, kuliko nusu ya kanisa. Alitoka kwenye mianzi bila sauti, akasimama hatua kumi mbele yangu, masikio wazi. Nikatema kokoto. Nikasema, "Shikamoo," maana ndivyo nilivyofundishwa kwa mkubwa yeyote. Hakuitika. Akainua mkonga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo nikapiga kelele, na kilichotoka ni lile jina. Jina zima, kwa sauti ya kupasua mawe.

Ule ukuta wa Meru ukajibu. Ukajibu mara ya pili. Ya tatu ikawa ya chini, kama mtu anayeitika akiwa ndani.

Tembo aligeuka akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama, nikatafuta jina kichwani, halipo. Pamebaki "Eli". Eli nini? Elibariki? Elifuraha? Elineema? Elirehema? Nyie mnajua Wameru, ukirusha jiwe gulioni halikosi kumpiga Eli. Nilikaa chini nikalia. Kurudi kwa Baba ni siku nzima, na ubatizo ni kesho. Kusema nimelipoteza ni kumpa Babu ushindi, na Baba atajua amefungiwa mlango. Na ni mimi niliyeufunga.

Jua likiwa linazama nikatokea kwenye migomba. Mama alikuwa amesimama njiani na mtoto mgongoni. Hakuniuliza kama nimekula.

"Amelitoa?"

Nikamwangalia machoni. Nilichokiona kichwani ni yule tembo tu, amesimama.

"Eli... simama," nikasema. "Elisimama."

Mama akalirudia taratibu, mara mbili. Akatabasamu, na kwa miezi saba sikuwa nimeona meno yake. "Amesema amesimama na sisi," akasema. Ningemwambiaje ukweli? Nyinyi mngemwambia?

Babu alikunja uso. "Jina gani hili?"

"Ndilo lililokuja," Bibi akamjibu, lakini alikuwa ananitazama mimi, tena sana.

Jumapili kanisa lilijaa. Na Baba, kumbe, ametembea usiku kucha, amekuja kusikiliza kwa siri. Amechuchumaa nje, chini ya dirisha, kama mwizi wa kuku. Mchungaji wetu alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe waliopotea. Akamshika mtoto, akauliza jina, Mama akamnong'oneza, naye akavuta pumzi.

"ELI, SIMAMA!"

Naapa alilikata katikati hivyohivyo. Na pale dirishani kikachomoza kichwa cha Baba, kimejaa unga wa mbao, macho yametoka.

"Naam!" akasema. "Nimesimama."

Kanisa zima likageuka. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mkono wa mchungaji. Nikaona jinsi Baba alivyogundua kwamba hakuna aliyekuwa amemwona, na kwamba lile lilikuwa jina la mtoto, tena si lile alilolituma. Akanitafuta kwa macho. Nikatazama miguu yangu. Babu akainuka kwenye benchi lake la mbele, mzee yule ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi tangu Wajerumani, akakohoa.

"Sasa unasimama dirishani kwa nini?" akasema. "Mlango uko huku."

Baba akazunguka, akaingia. Mama alimpa mtoto tu. Akampokea kwa mikono miwili iliyonyooka, kama mtu anayepokea ubao.

Jioni aliniita nyuma ya nyumba.

"Lile nililokupa liko wapi?"

"Limebaki mlimani, Baba. Nililisema, mlima ukajibu."

Niliandaa matako kwa fimbo. Yeye akatazama juu, mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. "Basi tusiliulizie tena," akasema. Na hakulitaja mpaka tunamzika, hata nilipombembeleza akiwa mzee na mimi nina wajukuu.

Wajukuu wangu waliosoma wananiambia ni woga, kwamba mtoto akiogopa anasahau. Inawezekana. Lakini nasema, kama lingefika jina lenyewe, Baba angelisikia pale chini ya dirisha, angeridhika, na angerudi kwenye mbao zake kimyakimya, maana hakuwa ameitwa. Sijui ni mlima uliotaka iwe vile, au ni mdomo wangu. Bibi nilimuuliza, akasema nisijisifu, akacheka.

Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, na mwingine nimewaambia nyinyi leo hii. Karibu wote nimeutubu. Huo wa Elisimama bado, na mchungaji akija hapa kuniuliza, nitamwambia bado.