Mkungu Uliotazama Chini

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini hadithi ninazo, waitu, jamani, hazina idadi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ni mwalimu hapa Chonyonyo. Yeye ndiye aliyekaa na mimi akaziandika mpaka zikawa kitabu. Kurasa zote zilikuwa tayari, ikabaki kava tu. Nilikitaka kitoke kabla ya Jumapili ya mavuno, maana siku hiyo watu wanaleta mikungu na kahawa kanisani, vinanadiwa nje, na hata waliohamia Kimuli wanarudi. Nikiikosa hiyo nasubiri mwaka mzima, na kwa umri wangu mwaka mzima ni mrefu.

Basi tukaenda mjini Kayanga kwa mtu wa steshenari, maana ndiye peke yake tuliyemjua mwenye mashine ya kutoa rangi. Mtu wa Muleba, shati limenyooka, mdomo mbaya. Akafungua programu yake kwenye kompyuta, kava zimo tayari zimepangwa, unachagua tu. Akachagua yeye.

Nikatazama. Mkungu wa ndizi, lakini ndizi zote zinatazama chini!

"Huu mkungu umekufa?" nikamuuliza.

"Bibi, hiyo picha wametengeneza wataalamu."

"Kwenu Muleba ndizi zinatazama chini? Mama yako alikulisha nini wewe?"

Akasema programu yake haigeuzi picha, ukiipenda unaichukua hivyo hivyo. Nikamwambia kitabu changu kitashikwa na watu waliozaliwa kibanjani, katikati ya migomba. Wakiona mkungu ule watasema huyu mama hata hadithi zenyewe kaziokota njiani.

Tukarudi nyumbani, mkwe akahangaika na simu. Programu ya kwanza ilikuwa nzuri, ina maua na mapambo, ila ukimaliza inagonga muhuri wake katikati ya kava kama ng'ombe wa mnada. Nikasema futa. Ya pili haina mapambo hata kidogo, unaweka picha yako, unaandika jina, basi. Nikaipenda hiyo hiyo.

"Mama, hii ni ya kishamba kidogo," mkwe akasema.

"Na mimi je?"

Akaenda nyuma ya nyumba akaupiga picha mgomba wangu, mkungu unaning'inia, vidole vya ndizi vinatazama juu kama inavyotakiwa.

Ijumaa tukampelekea yule bwana wa steshenari kava yetu kwenye flashi. Alipoiona akacheka mpaka akashika meza. "Hii si programu ya kutengenezea kadi za sendofu? Siprinti mimi. Watu wataniuliza kazi hii ni ya nani."

Jumapili ilikuwa keshokutwa. Mkwe akaanza kumbembeleza, "Kaka, tafadhali." Mimi nikavuta kiti cha wateja nikakaa mlangoni. Dukani walikuwemo akina mama watatu na mzee wa kutoa kopi ya cheti. Nikaanza, kwa sauti yangu ya hadithi: palikuwa na bwana mmoja, kanyoosha shati, akaenda kuchumbia. Baba mkwe akampa panga, akamwambia nenda kibanjani ukate mkungu ulioiva. Yule bwana akazunguka mpaka jua likazama, anatafuta mkungu unaotazama chini...

Mzee akaanza kukohoa kwa kicheko. Mama mmoja akamuuliza mwenye duka, "Ni wewe huyo?"

"Bibi, nyamaza, nina kazi!"

"Na mimi kazi yangu ndiyo hii. Bado sijafika kwenye kumnyima binti."

Wengine wakaingia kutoka nje kusikiliza. Wakakaa hapo bila kununua hata kalamu. Yule bwana akampokonya mkwe wangu flashi, akaichomeka, mashine ikaanza kunguruma. Alikuwa anatoa kava anatukana kwa Kihaya, anadhani sisikii. Nasikia kila neno, na mimi nilimrudishia moja kwa Kinyambo chetu ambalo mkwe alikataa kuliandika hapa.

Jumapili kitabu kilikuwepo pale kanisani kwenye meza ya mnada, kati ya maharage na kuku. Yule bwana tunakutana bado. Ananiamkia shikamoo akiuma meno, namuitikia marahaba nikiuma yangu, kila mtu njia yake.